UZI: Turudi kuandika blogu zetu wenyewe kuhusu maisha ya Ziwa

Mwanaziwa (mleta uzi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaandika nikiwa Kirumba, si mbali na soko la Mwaloni ambako mama yangu aliuza dagaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Nina jambo ninaloomba tulijadili kwa utulivu: kwa nini sisi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria tumeacha kuandika blogu, na kwa nini ninaamini kwamba tumepoteza kitu ambacho makundi ya WhatsApp hayajaweza kuturudishia.

Nianze na yangu. Mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na sikuwa na kazi. Nilikuwa nikienda kwenye intaneti kafe moja karibu na Makoroboi, nikilipia nusu saa kila nilipopata fedha kidogo. Kwa kuwa kila dakika ilikuwa na bei, niliandika kwanza nyumbani kwenye daftari, nikasahihisha, nikanakili upya, na nilipofika mbele ya kompyuta kazi yangu ilikuwa kuchapa tu bila kuinua macho. Umeme ukikatika kabla sijachapisha, nilikunja daftari langu nikarudi nyumbani. Makala ya kwanza ilikuwa na aya tatu kuhusu mvua iliyoteremka kwenye mawe ya mlima nyuma ya nyumba yetu, na sikumwambia mtu yeyote kwamba nimeiandika.

Makala ya nne ilihusu namna mama alivyopima dagaa. Mtu akimletea gunia, mama hakujishughulisha na dagaa wa juu. Alizamisha mkono hadi kiwikoni, akatoa konzi kutoka chini kabisa, kisha akaifumba ngumi karibu na sikio na kuiminya polepole. Dagaa waliokauka sawasawa hulia kama majani makavu, lakini wenye unyevu hawatoi sauti, nao huacha ukungu wa mafuta kiganjani. Baada ya hapo alichukua mmoja, akamvunja na kumtafuna kwa meno ya mbele huku amefumba macho, akitafuta mchanga, kwa sababu dagaa walioanikwa chini ufukweni hubeba mchanga hata wapepetwe namna gani, na walioanikwa juu ya chanja, yaani kitanda cha kuanikia kilichoinuliwa kutoka chini, hutoka safi, na bei za aina hizo mbili hazijawahi kulingana. Wakati wa masika alirudia kipimo mara mbili. Alikuwa akisema kwamba jicho hudanganywa na rangi, sikio halidanganywi.

Niliyaandika hayo yote kama nilivyoyaona. Wiki kadhaa zikapita bila neno. Siku moja nikakuta maoni chini ya makala, yameandikwa na mfanyabiashara wa Kigoma, ambaye alieleza kwa urefu jinsi wao wanavyowapima dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao kwa kweli ni samaki wa jamii nyingine kabisa na hawa wetu, ingawa jina ni moja. Akafuata mama mmoja wa Musoma aliyempinga. Akafuata kijana aliyekuwa akisoma ng'ambo, akisema amesoma makala ile mara tatu usiku mmoja. Niliyachapa maoni yale kwenye karatasi nikamsomea mama jioni, na yeye, ambaye hakuwahi kushika kompyuta maishani mwake, akaniambia, "Mwambie huyo wa Kigoma kwamba hajanijibu habari ya mchanga." Kesho yake nikamwandikia. Mazungumzo yale yaliendelea kwa miezi mitatu, mama akiwa mshiriki kamili kupitia mkono wangu.

Mama alifariki mwaka 2017. Tulikuwa na rekodi zake nyingi za sauti kwenye kundi la familia, na nyingi zilikuwa kwenye simu ya kaka yangu, ambayo ilitumbukia majini pale kivukoni Kamanga. Kilichobaki cha maneno yake, kwa mpangilio na kwa tarehe, ni kile nilichokiandika kwenye blogu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeyaona hayo ndani ya nyumba yetu.

Kwa wale ambao hawakuwapo wakati huo, niseme kidogo kuhusu historia, kwa sababu inasaidia kuelewa. Mmarekani Jorn Barger alianza kutumia neno «weblog» mwaka 1997 kwa kurasa ambazo mtu huandikia yale anayokutana nayo mtandaoni, na mwaka 1999 Peter Merholz akalikata neno hilo likabaki «blog». Mwaka huohuo 1999 ikaja huduma ya Blogger, ambayo Google iliinunua mwaka 2003, na mwaka huo wa 2003 ndipo WordPress ilipotolewa. Maana yake ni kwamba mtu asiyejua lugha ya kompyuta aliweza kuwa na ukurasa wake bila kumwomba fundi wala mhariri. Kwetu, Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa blogu za Kiswahili kwa blogu yake ya Jikomboe, na ndiye aliyelipigania jina zuri la «gazeti tando» ambalo nasikitika kwamba halikudumu. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi akaanzisha blogu yake ya picha, na Watanzania waliokuwa mbali wakawa wanaifungua kila asubuhi kuona nyumbani kumekuchaje. Nakumbuka kwamba wakati huo kila blogu ilikuwa na orodha ya blogu nyingine pembeni, kwa hiyo ukimaliza kumsoma mmoja ulipitia kwake kwenda kwa jirani yake.

Kwa maoni yangu, blogu ni nyumba yenye kibaraza. Ndani unapanga vitu vyako utakavyo, na kibarazani wanakaa wageni wanaozungumza, wengine wanajuana, wengine hawajuani, nawe unawajua kwa namna wanavyobisha hodi. Kundi la WhatsApp ni kama daladala ya Buzuruga saa moja asubuhi: wote tumo, wote tunazungumza, lakini tukishuka hakuna kilichobaki ndani. Siidharau daladala, maana inatufikisha tunakokwenda. Lakini hakuna anayehifadhi vyombo vyake humo.

Naomba kusikia kwenu. Nani bado anaandika? Aliyeacha, aliacha kwa sababu gani?

Mkazi wa Igogo

Dada Mwanaziwa, pole kwa kumpoteza mama, na asante kwa uzi huu. Ninakuheshimu, lakini nina shaka. Watu wetu hawakuwahi kuwa watu wa kusoma makala ndefu kwenye kioo, nao wameingia kwenye mtandao kupitia simu ya mkononi, kwa hiyo sauti na video zimewafaa zaidi. Bibi yangu hawezi kusoma kabisa, ila kila siku husikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa wajukuu na kuwajibu kwa Kisukuma kitamu ambacho hakuna blogu ingeweza kukibeba. Kama lengo ni mtu kujieleza, je, yeye hajajieleza? Naona tunaipenda blogu kwa sababu ilikuwa ya ujana wetu.

Mwanaziwa

Ndugu Mkazi wa Igogo, hoja yako ni nzito na sitaki kuipita juujuu. Bibi amejieleza, tena vizuri kuliko wengi wetu. Swali langu ni kuhusu nani atamkuta. Ujumbe wake unafika kwa wajukuu wanne, na unafungwa ndani ya simu hizo nne. Mtu wa Geita anayetafuta leo kwenye Google namna wazee walivyohifadhi michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, hatamfikia bibi kamwe, kwa kuwa mtambo wa kutafuta hauingii ndani ya makundi ya WhatsApp. Lakini ukimsikiliza, ukaandika alichosema kwa Kisukuma chake na tafsiri chini, ukaweka na sauti yenyewe juu ya ukurasa, basi umempa bibi wasikilizaji ambao hajawahi kuwaona. Blogu inabeba sauti na picha pia. Sijasema tuwaache watu wa sauti. Ninasema sisi tunaojua kuandika tuwe makarani wao, kama nilivyokuwa kwa mama.

Kuhusu ujana, labda ni kweli kidogo. Hata hivyo, kuna jambo ambalo blogu ilinifanyia ambalo halihusiani na umri. Nilipokuwa nikiandika kwenye daftari nikijua kwamba atasoma mtu nisiyemjua, nililazimika kueleza «chanja» ni nini, na nilipokuwa nikieleza ndipo nikagundua kwamba sikuwahi kuuliza nani alizijenga zile za kwetu. Nikaenda kuuliza. Mjomba. Alikuwa ametumia nyavu chakavu na miti ya mikaratusi.

Nansio Kwetu

Shikamoo dada Mwanaziwa, na salamu kwa wote kutoka Ukerewe.

Mimi niliandika blogu kuanzia 2012 hadi 2016 kwa jina la kubuni, na ningependa nizungumzie jambo ambalo halijaguswa, yaani watu tunaowaandika. Niliandika habari za ndoa ya shangazi yangu, kwa upendo mtupu, nikaeleza jinsi alivyorudi nyumbani mara mbili na jinsi alivyopatana na mumewe. Sikutaja jina. Lakini kisiwa ni kidogo, na mtu mmoja aliyesoma akiwa Mwanza mjini aliisimulia kwenye msiba, na shangazi akaisikia habari yake mwenyewe ikisimuliwa na mgeni. Hakunifokea. Alikuja nyumbani, akaketi, akasema, "Mwanangu, ungeniuliza, ningekuambia na ile sehemu usiyoijua." Niliifuta makala usiku uleule, na baada ya hapo sikuandika tena kwa mwaka mzima.

Niliporudi nilikuwa na utaratibu mmoja: ninayemwandika namsomea kwanza. Utaratibu huo ulipunguza idadi ya makala zangu, lakini karibu kila niliyemsomea aliongeza kitu. Shangazi mwenyewe baadaye aliniruhusu kuandika upya, akanipa ile sehemu niliyokuwa siijui, na ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Jambo la pili. Sisi Wakerewe tunaye mzee wetu Aniceti Kitereza, ambaye alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata mchapishaji, na kitabu kilitoka mwaka 1980 kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 ya kungoja, ndugu zangu. Kila ninapobonyeza kitufe cha kuchapisha na makala ikaonekana papo hapo, namkumbuka yeye, na ninaona aibu kwa miezi ambayo sikuandika chochote kwa kisingizio cha uchovu.

FundiMtandao

Ngoja nisaidie upande wa ufundi, kwa sababu nimeshuhudia blogu nyingi nzuri zikipotea si kwa kuchoka kwa mwandishi bali kwa uzembe mdogo.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na anwani yake ya kulipia kila mwaka. Akasafiri, akasahau kuilipia, na aliporudi ile anwani ilikuwa imechukuliwa na watu wa matangazo ya kamari. Makala zake za miaka sita zilikuwa kwenye seva ya kampuni iliyompangisha nafasi, nayo ilikuwa imeshazifuta. Tuliokoa takriban theluthi moja kupitia Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo huhifadhi nakala za kurasa za zamani na imefunguliwa kwa umma tangu 2001. Zilizobaki hatukuzipata.

Kwa hiyo, anayeanza aanze na huduma ya bure, Blogger au WordPress, maana anwani ya bure haikatwi kwa kuchelewa kulipa. Kila baada ya miezi michache apakue nakala ya blogu nzima, kwani huduma zote mbili zinaruhusu, na faili lenyewe halizidi uzito wa picha chache. Aliweke mahali pawili. Na ajue kwamba tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili, hivyo hata kama huandiki, ingia kwenye akaunti yako. Wewe dada Mwanaziwa, je, unayo nakala ya makala za mama?

Mwanaziwa

Sikuwa nayo. Nimetoka kuipakua sasa hivi, nimeiweka kwenye flashi na nyingine nimemtumia kaka. Asante sana, ndugu yangu.

Mwanafunzi wa Malimbe

Shikamooni. Mimi ninasoma uandishi wa habari, na nilikuwa nikihofia upande wa sheria. Tunafundishwa kwamba Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu kujisajili, akilipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya kwanza na 1,000,000 nyingine kila mwaka, na kwamba Juni 2018 hata JamiiForums ilisimama kwa muda. Je, mwanafunzi kama mimi anaweza kuandika kuhusu maisha ya bibi yake bila hofu?

FundiMtandao

Mdogo wangu, marahaba. Umeeleza sawasawa hali ya 2018, na ni kweli kwamba wengi walizima blogu zao mwaka ule, baadhi yao watu waliokuwa wakiandika mapishi na mashairi tu. Lakini usiishie hapo. Kanuni mpya zilitungwa mwaka 2020 na zikarekebishwa mwaka 2022, na mabadiliko hayo yaligusa hasa nani anahesabiwa kuwa mtoa habari. Kabla hujaanza, isome kanuni inayotumika sasa kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu kuandika habari za matukio na siasa ni jambo moja na kuandika kumbukumbu za ukoo ni jambo jingine. Usisimuliwe na watu wa vijiweni.

Mkazi wa Igogo

Nimelifikiria jibu la dada tangu jana. Nimempigia bibi simu, nikamwomba anieleze michembe inavyotengenezwa, nikarekodi. Dakika kumi na nane. Alianza na namna ya kumenya viazi, akaingia kwenye njaa moja ya utotoni mwake, akasahau michembe kabisa. Nitaandika yote kama alivyoyapanga yeye, viazi kwanza, kisha njaa. Bado ninasema kwamba wasomaji watakuwa wachache, ila hilo halinizuii tena.

Msafiri wa Sengerema

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Sijawahi kuwa na blogu, lakini nimeusoma uzi huu wote na ningependa kuandika jambo moja hapa, mniambie kama linafaa.

Kwa miaka kumi na nne nilivuka ziwa kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi karibu kila wiki. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3, nimevuka nikiwa nimelala kwenye kiti cha basi, na sina malalamiko, kwani nakumbuka mgonjwa akisubiri kivuko usiku na ndugu zake wakitazama taa za ng'ambo. Lakini niliposhtuka mara ya kwanza nikakuta tuko Busisi tayari, nilihisi nimerukwa na kitu. Zamani basi lilipofika, abiria tulishuka na kuingia kivukoni kwa miguu. Kulikuwa na mama mmoja mnene mwenye beseni la samaki wa kukaanga, aliyelifunika kwa karatasi ya nailoni, na alikuwa na desturi ya kuwapa watoto mkia bure. Kulikuwa na vijana wa mayai ya kuchemsha, ambao walimenya yai kwa mkono mmoja wakati unatafuta chenji, wakalipasua katikati na kunyunyiza chumvi. Kivuko kilipoanza kuondoka, kelele zote zilikoma kwa muda mfupi, kama watu wameambiwa, na tulisikia maji tu. Kisha mazungumzo yakaanza tena, na mara nyingi yalianza kati ya watu ambao hawakuwa wakijuana walipokuwa ndani ya basi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Yanafaa?

Mwanaziwa

Kaka, umekwisha kuandika makala ya kwanza. Usibadilishe chochote isipokuwa sehemu moja: yule mama wa samaki, tueleze alikuwa akisema nini alipompa mtoto mkia. Najua alisema kitu.

Msafiri wa Sengerema

Alisema, "Shika usukani." Nilikuwa nimesahau kabisa mpaka ulipouliza.

Nansio Kwetu

Nami niongeze, kwa ruhusa ya kaka, kwa sababu nilisoma sekondari upande wa Sengerema na nilivuka pale kila likizo. Ile ya kwenye mayai haikuwa chumvi tupu. Ilikuwa chumvi iliyotwangwa pamoja na pilipili kavu, na waliibeba kwenye kopo la plastiki lililotobolewa kifuniko kwa msumari. Wale waliokuwa na chumvi tupu walikuwa wa upande wa Kigongo, na sisi wanafunzi tulivumilia njaa makusudi hadi tufike ng'ambo.